Mama Kitambaa na Mshale wa Juu

Watu wengi wakimaliza kazi huinuka wakaenda zao. Mama Kitambaa hakujua kuinuka namna hiyo. Yeye kazi aliimaliza mara mbili: kwanza kwa kuifanya, kisha kwa kufuta ilikopita. Kabla hajasukuma kiti nyuma alihakikisha skrini ya kompyuta imebaki nyeusi tii, hakuna herufi hata moja ya kumsimulia mpita njia alikuwa akifanya nini. Ndipo anyanyuke, achukue kikombe chake, ageuke tena mlangoni akitazame kile kioo cheusi, kama mtu aliyefunga mlango na bado anausukuma kuona kama umefungika kweli. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, wakaona afadhali wampe jina moja kwa moja. Kitambaa chenyewe hakuwa nacho, si mkononi wala mfukoni.

Alifanya kazi kwenye kituo cha kuwapokea wanawake waliokimbia vipigo nyumbani. Ukipita nje usingejua: geti la kijivu lisilo na kibao, ua mdogo wenye kamba za nguo, na nyumba ya kawaida ambayo vyumba vyake vimegeuzwa ofisi. Wanawake wenyewe hawakukaa pale. Walipokelewa, wakapewa chai na kiti, wakasikilizwa, kisha wakapelekwa kwenye nyumba za hifadhi zilizojificha mitaani katikati ya nyumba za watu wengine. Kutaja jina la mtu kwa sauti kulikuwa mwiko. Kila aliyeingia aliitwa kwa kazi yake au kwa jina la utani, na wafanyakazi nao wakazoea hivyo hivyo. Mkurugenzi akawa Mkurugenzi, Mhasibu akawa Mhasibu, na mama yetu huyu akawa Mama Kitambaa, hata mlinzi wa getini hakumjua kwa jina jingine.

Kazi yake ilikuwa kuitunza mashine. Ilikuwa kompyuta moja kuukuu katika chumba cha nyuma, jirani na stoo ya mablanketi, na haikuwa na picha wala vidude vya kubofya. Skrini nyeusi, maandishi meupe. Unaandika amri, mashine inatii, unaandika nyingine. Majina halisi ya wanawake, watoto wao, na nyumba walimofichwa, vyote vilikuwa ndani ya faili lililofungwa, na maneno ya kulifungua waliyajua watu wawili tu, yeye na Mkurugenzi. Utasema basi, mambo yamekwisha, kufuli ni kufuli. Ngoja kwanza.

Mashine za namna ile zina ukarimu wa kijinga. Kila amri unayoandika zinaikumbuka, ili kesho usihangaike kuiandika upya. Ukibonyeza mshale wa juu kwenye kibodi, amri yako ya mwisho inarudi. Ukibonyeza tena, inarudi ya kabla yake, na ukiwa na subira utafika mpaka juma lililopita. Sasa, kumhamishia mwanamke nyumba kulihitaji amri, na ndani ya amri hiyo ulitaja jina lake na nyumba anayopelekwa. Yaani sanduku umelitia kufuli, halafu juu ya mfuniko umeandika kilichomo. Na baya zaidi, pale kituoni wote waliingia kwenye mashine kwa jina moja na paswedi moja: Mhasibu na hesabu zake, Mama Kitambaa na majina yake, hata mafundi wa kampuni ya mtandao wakija kutengeneza. Akaunti ile ilikuwa kikombe cha ofisi, kila mwenye kiu anakinywea. Mama Kitambaa aliomba kila mtu apewe ya kwake. Akaambiwa asubiri, na akasubiri.

Aliyewafumbua macho wote kuhusu mdomo wa mashine ile ni Mhasibu, tena bila kukusudia. Alikuwa mtu wa mizaha, mwenye tumbo kubwa na roho nzuri, na haraka isiyo na sababu. Siku moja, akiwa na haraka hiyo, alitaka kufungua faili lake la mishahara, akaandika neno lake la siri kabla mashine haijamwuliza. Mashine ikasema amri hiyo haiijui. Akasonya, akaandika upya, akaendelea na yake. Asubuhi ya pili Mkurugenzi akaketi pale, akabonyeza mshale wa juu kutafuta amri aliyoitumia jana, likamtokea neno hili: *mimindiyebosi*.

"Hii nayo ni amri ya nini?" akauliza.

Ofisi nzima ikatazama dari. Mhasibu akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli benki.

Mama Kitambaa alicheka na wenzake mpaka machozi yakamtoka, lakini alipobaki peke yake chumba cha nyuma kicheko kilimwisha. Mashine iliyomsema Mhasibu ingemsema yeyote. Siku hiyo hiyo akafanya mambo mawili. Kwanza aliiagiza mashine kwamba amri yoyote inayoanza na nafasi tupu isikumbukwe, ipite kana kwamba haikuandikwa. Kisha, katika maagizo ambayo mashine huyasoma mtu anapoaga na kutoka, aliongeza kwamba ifute skrini yote, pamoja na yale yaliyokwisha kupanda juu yasionekane, ili anayefuata asipate cha kurudisha. Kilichobaki ni kukifundisha kidole gumba. Kila alipotaka kuandika amri yenye jina la mtu, gumba la kulia lilitangulia kugonga kile kitufe kirefu cha chini, tap, ndipo vidole vingine vipewe ruhusa. Mwanzo lilisahau. Baadaye likawa linagonga lenyewe, hata akiandika barua za kawaida.

Tabia hiyo hakuitoa shuleni, aliinyonya kwa mama yake. Mama yake alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili, enzi za mashine za chuma zenye makelele. Katikati ya karatasi mbili uliweka karatasi ya kaboni, nyeusi, laini, ya kuchafua vidole, na kila herufi uliyoipiga ilibaki imejichonga juu yake. Siku moja mpeleka chai aliokota kaboni kwenye kapu la taka, akaiinua dirishani, akasoma kwa mwanga barua ya mke mmoja aliyekuwa akitafuta talaka kwa siri. Kufika jioni mume alikuwa na habari zote. Yaliyompata mke yule, mama hakuwahi kuyasimulia mpaka mwisho; alikuwa akifika kwenye hospitali, ananyamaza. Tangu hapo kila akimaliza kazi alizikata kaboni zake kwa mkasi, vipande vidogo vidogo, huku binti yake akimsubiri warudi nyumbani.

"Mwanangu," alimwambia, "kazi haiishi ukiondoa mkono. Inaisha ukiondoa alama ya mkono."

Binti alikua, akasoma mambo ya kompyuta, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na katika yote hayo maneno yale hayakumtoka kichwani.

Lakini Mhasibu hakuupenda mtindo ule mpya hata kidogo. Desturi yake ilikuwa kupiga hesabu, kuziacha juu ya skrini, kuaga mashine na kwenda kula, kisha kurudi na tumbo limejaa azinakili polepole. Sasa akirudi anakuta kiza.

"Mama Kitambaa, hesabu zangu umezipeleka wapi?"

"Zipo kwenye faili lako. Lifungue."

"Mimi nilikuwa nimeziacha hapa, peupe, kila mtu anaziona."

"Ndiyo maana hazipo."

"Mficha uchi hazai, ujue."

"Mimi nimeshazaa, ndugu yangu. Wawili, na mjukuu yuko njiani."

Watu wakacheka, na Mhasibu mwenyewe akacheka, halafu akaenda kushtaki. Mkurugenzi alikuwa mama mwema aliyechoka, kituo chote amekibeba kichwani, na mtu aliyechoka hupenda njia ya mkato. Akamwita Mama Kitambaa ofisini kwake.

"Ondoa hicho kitu. Watu wanapoteza kazi zao."

"Hakuna aliyepoteza kitu, bosi. Wamepoteza uvivu tu."

"Unamficha nani? Hapa si tuko sisi kwa sisi?"

"Mlango hautiwi kufuli kwa ajili ya waliomo ndani."

"Mama Kitambaa, nimesema ondoa."

"Sawa, bosi. Nitaondoa kesho."

Kesho ya Mama Kitambaa ilikuwa ndefu ajabu. Jumatatu iliitwa kesho, na Jumatano bado ilikuwa inaitwa kesho. Hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa, na aliogopa kazi isimponyoke, lakini kila alipokaa mbele ya mashine ili ayatoe maagizo yale, mkono ulimwia mzito.

Wiki hiyo hiyo ndiyo aliyoingia Mshonaji. Alikuja na binti yake mdogo na kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye shuka, basi, hakuna kingine alichookoa. Jicho moja lilikuwa limevimba. Mama Kitambaa alimkalisha, akampa chai yenye sukari nyingi, akaanza kumwandikisha. Mwanamke alijibu kwa sauti ya chini, akigeuka geuka kutazama mlango.

"Haniulizi nilikuwa wapi," alisema. "Angekuwa ananiuliza ningemjibu. Anachukua simu yangu, anarudi nyuma, nyuma, nyuma, kidole kinagonga taratibu, mpaka apate la kunipigia. Hata pasipo na kitu anapata."

"Kazi yake nini?"

"Fundi wa mitambo ya mawasiliano. Hakuna kitu asichoweza kukifungua, dada."

Hapo Mama Kitambaa angeuliza ni fundi wa kampuni gani. Hakuuliza. Mtoto alikuwa amesinzia, mama mtu anatetemeka, na swali likampita.

"Mahakama imeshatoa amri asikutafute wala asikukaribie," alimwambia. "Nakala tunayo hapa."

"Karatasi haimzuii yule. Safari hii akinipata hatanipiga. Ataniua, na mtoto akiona."

Alilisema hilo bila machozi, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa. Mama Kitambaa alimshika mkono, akabaki ameushika mpaka gari la kumpeleka lilipofika.

Siku chache baadaye ikaonekana nyumba ile ya kwanza ina majirani wenye maswali mengi, basi Mshonaji ahamishwe. Asubuhi Mama Kitambaa akaketi, akaandika amri ya kuhamisha, yenye majina ya Mshonaji yote matatu na nyumba anayokwenda. Katikati ya kuandika, Mkurugenzi akaita kutoka sebuleni kwa sauti ya mtu aliyepaliwa.

"Mama Kitambaa! Njoo upesi, wafadhili wamefika na hakuna aliyepanga viti!"

Akamalizia amri, akaaga mashine, skrini ikawa nyeusi, akatoka mbio.

Wageni walikaa, wakasalimiana, wakaanza kusomewa taarifa. Katikati ya taarifa mtandao ukakatika. Mhasibu, kwa ile haraka yake, akapiga simu kwenye kampuni, na haukupita muda fundi akafika. Hakuwa yule waliyemzoea. Alikuwa mwingine, nadhifu, mpole, kitambulisho cha kampuni kinaning'inia kifuani, shikamoo kwa kila aliyemzidi umri. Mtu anayehudumia mitambo ya maofisi yote ya mji hahitaji kibao ili ajue geti lipi ni la nani. Alikuwa ameisubiri simu hiyo, na ilipoingia aliwaambia wenzake wapumzike, ataishughulikia yeye. Mhasibu akampeleka chumba cha nyuma, akamwonyesha kiti, akarudi kwa wageni akijipongeza kwa wepesi wake.

Mama Kitambaa aliletwa huko na vikombe. Alikuwa akivirudisha jikoni kwenye sinia alipopita mbele ya chumba chake, akaona mlango umeachwa wazi kidogo, na mgongo wa mwanamume kwenye kiti chake. Kisanduku cha mtandao kilikuwa ukutani nyuma ya mtu huyo, taa yake nyekundu inamweka, na fundi hajakigusa. Alikuwa ameinamia kibodi. Kidole kimoja kilikuwa kinagonga mshale wa juu taratibu, kinatulia, kinagonga tena.

Nyuma, nyuma, nyuma.

Hakuhitaji kuambiwa ni nani yule. Alisimama pale na sinia lake, akiogopa hata kijiko kisilie, akatazama amri zinavyopita juu ya skrini. Zilikuwa za Mhasibu za mishahara, za kuchapisha, na zake mwenyewe za kutengeneza nakala za akiba. Akajaribu kukumbuka: asubuhi ile, Mkurugenzi alipoita, gumba liligonga au halikugonga? Akatafuta ule mlio kichwani, tap, asiupate. Mkono uliozoea kazi hauna desturi ya kumtaarifu mwenyewe. Kama halikugonga, basi yule mtu ameshasoma jina na nyumba, na anayoyatafuta sasa ni ya nyongeza. Alijiona akienda kumwambia mtoto wa Mshonaji kitu ambacho hakina maneno. Akaomba Mungu, kwa maneno mafupi, kama anavyoomba mtu mwenye sinia mikononi.

Fundi akaacha mshale. Akajaribu kurudisha juu yale yaliyokuwa kwenye skrini kabla hajaingia; kiza kitupu. Akapiga meza kwa ngumi, polepole. Hapo moyo wa Mama Kitambaa ukaanza kurudi mahali pake, kwa sababu mtu aliyeshapata hapigi meza. Kisha yule mtu akanyoosha vidole na kuandika amri ya kuchakura kumbukumbu yote ya mashine kwa mara moja, na mwisho wa amri akaandika anachokitafuta. Herufi zikatoka nyeupe juu ya weusi, moja baada ya nyingine: majina ya Mshonaji, yote matatu. Akagonga kitufe cha kutuma kwa nguvu.

Mashine ikatafuta, ikamjibu kwa mstari mmoja. Fundi akasogeza uso karibu, akasoma, akasonya. Mstari wenyewe ulikuwa amri yake yeye, aliyoiandika sasa hivi. Katika kumbukumbu yote ya mashine ile jina la Mshonaji lilikuwa mahali pamoja tu, na aliyeliweka hapo ni mumewe.

Furaha aliyoipata Mama Kitambaa pale mlangoni hakuwahi kuipata hata siku ya harusi yake, na mume alimpenda. Gumba liligonga! Liligonga lenyewe, katikati ya kelele za viti na wafadhili. Akavuta pumzi, akausukuma mlango kwa kiwiko.

"Kaka, mtandao hauko humo. Kisanduku kiko ukutani, nyuma yako."

Mtu akaruka. Upesi akaandika neno la kuaga, mashine ikatii, skrini ikawa nyeusi.

"Nilikuwa naangalia tu kama inasoma, mama."

"Inasoma," alisema Mama Kitambaa. "Inasoma vizuri sana."

Akampisha ageukie kisanduku chake, akapeleka vikombe jikoni bila kukimbia, akatoka uani, akamwambia mlinzi neno moja sikioni. Geti likafungwa. Kituo kilikuwa na namba ya polisi waliowazoea, na polisi hao walikuja kabla wageni hawajamaliza chai yao ya pili.

Yule bwana hakutetemeka. Alitabasamu, akaonyesha kitambulisho, akamwita askari afande kila baada ya maneno mawili.

"Nimeitwa kutengeneza mtandao, nimetengeneza. Kosa langu nini? Nionyesheni nilichochukua."

Wote wakageukia skrini. Hakukuwa na kitu, kilikuwa kiza cha kawaida cha Mama Kitambaa. Mkurugenzi akashika kichwa.

"Jamani, si nilikwambia uondoe hicho kitu? Sasa kimefuta na ushahidi!"

Na hapo ndipo Mama Kitambaa alipovuta kiti chake, akakaa bila haraka. Akaingia kwenye mashine. Akabonyeza mshale wa juu. Likaja lile neno la kuaga. Akabonyeza tena. Ikaja amri nzima ya yule bwana, na majina ya mkewe mwishoni. Kisha akaiambia mashine ionyeshe siku na saa amri hiyo ilipoandikwa, ikaonyesha, na askari akatazama saa yake ya mkononi.

"Hapa kituoni hakuna anayelitaja jina hili," Mama Kitambaa alisema. "Mahakama ilimkataza mtu mmoja tu asilitafute, na jina lake ndilo lililo kwenye kitambulisho hicho. Huyu hapa amelitafuta."

"Lakini imefutika!" fundi akapayuka. "Nimeiona kwa macho yangu ikifutika!"

"Kilichofutika ni kioo, kaka. Umekuja kutafuta alama zetu, ukaacha ya kwako."

Lile tabasamu lilimtoka mtu usoni polepole, ikabaki sura ambayo Mshonaji alikuwa ameizoea miaka yote, na kila aliyekuwemo chumbani akaiona.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," Mhasibu alinong'ona. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alipokwisha kuondolewa, Mkurugenzi aliketi juu ya bunda la mablanketi mlangoni mwa stoo, akalia, halafu akaanza kucheka huku analia. Wafadhili walikuwa wamesimama kwenye ujia na vikombe vyao.

"Nilikwambia uondoe," alisema alipopata sauti.

"Nilisema kesho, bosi."

"Hiyo kesho isifike. Umenisikia? Isifike kabisa!"

Jumatatu iliyofuata kila mtu alikuwa na akaunti yake na paswedi yake, kampuni ya mtandao ilibadilishwa, na hakuna fundi aliyeketi kwenye mashine bila mtu wa kituo kusimama nyuma yake. Mhasibu aliumia sana rohoni kwa kumfungulia mlango mtu yule, akaomba radhi mbele ya wote bila mzaha hata mmoja, jambo lililowatisha. Baada ya hapo akawa mwalimu. Kila mfanyakazi mpya alimkalisha chini, akamwonyesha kwa gumba lake nene: "Kwanza nafasi, ndipo amri. Nafasi kwanza! Muulize Mama Kitambaa kama nadanganya." Mama Kitambaa alimwacha ajidai, kwa sababu alikuwa anafundisha sawasawa.

Jioni ya siku ile ya mkasa alipitia kwa mama yake. Mama alikuwa mzee sasa, macho yamefifia, anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na redio imewashwa chini chini. Binti akamsimulia yote, tangu cherehani kwenye shuka mpaka neno la kuaga. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

"Hakusoma kitu?" akauliza mwishoni.

"Hakusoma kitu, Mama."

"Hata herufi?"

"Hata herufi moja. Ya kwake tu."

Mama akanyoosha mkono, akautafuta mkono wa binti yake, akalipapasa lile gumba kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Basi mmoja amepona," alisema. Akazima redio.

Kesi haikuchelewa. Amri ile moja, na siku yake na saa yake, ilisomwa mbele ya hakimu, na yule bwana akafungwa. Mshonaji alitoa ushahidi akiwa amesimama wima, jicho limepona, amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Kisha ukafika wakati wa kuondoka, maana alipata chumba cha kushonea katika mji mwingine, na shule ya mtoto. Kituo kilikuwa na utaratibu kwamba mtu akishajitegemea, habari zake zinaondolewa kwenye mashine, zisibaki za kumfuata.

Siku ya kuaga alikuja na binti yake, akasimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

"Dada, naomba nione jina langu linavyoondoka."

Haikuwa ruhusa. Mama Kitambaa akasogeza kiti cha pili. Akafungua faili, akamwonyesha jina lake, mwanamke akalitazama kwa mara ya mwisho. Gumba likagonga nafasi, tap, mtoto akacheka kwa ule mlio. Amri ikaandikwa, ikatumwa. Mama Kitambaa akatafuta jina lile tena mbele yao, mashine ikasema halipo. Akaaga, skrini ikawa nyeusi, na nyuso zao tatu zikaonekana ndani ya kioo.

"Kwa hiyo sipo tena?" Mshonaji akauliza.

"Hapa hupo, mdogo wangu. Huko uendako ndiko uliko."

Mwanamke akalirudia neno hilo midomoni bila sauti. Kisha akainuka, akamshika mtoto mkono, akatoka getini mchana kweupe, kichwa cha cherehani begani, na hakugeuka kutazama nyuma hata mara moja. Ukimuuliza Mama Kitambaa leo Mshonaji anaishi wapi, atakwambia hajui. Atakwambia huku anacheka.